Kiharusi na Chembe Sahani: Historia ya Majina Mawili na Wajibu wa Mfasiri

Makala haya yanahusu neno moja ambalo kila Mswahili analijua, na jingine ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka tulipoingia darasani. Neno la kwanza ni kiharusi. La pili ni chembe sahani, yaani vile vijipande vidogo mno vilivyomo ndani ya damu ambavyo kazi yake ni kuziba jeraha. Kusudi letu ni kuonyesha jinsi majina haya yalivyotoka katika njia mbili zilizo mbalimbali, moja ikiwa ya mwambao wetu na nyingine ya maabara za Ulaya, hata yakakutana katika maradhi mamoja. Jambo hili si la nadharia tu. Kiharusi ni jina moja la maradhi mawili ambayo dawa ya moja yaweza kuwa sumu ya jingine, na mfasiri asiyeitambua tofauti hiyo aweza kumdhuru mgonjwa kwa kalamu yake.

Majina ya mwambao

Katika kisiwa cha Unguja, mtu aliyeanguka ghafla, mdomo ukapinda, mkono na mguu wa upande mmoja ukalegea na ulimi ukawa mzito, husemwa kwamba amepigwa na kiharusi. Wengine husema amepatwa na upepo. Kitenzi chenyewe chatufahamisha jambo: palipo na aliyepigwa pana mpigaji. Katika itikadi ya zamani mpigaji huyo ni pepo au upepo mbaya unaompitia mtu njiani, na kwa hiyo dawa yake hutafutwa kwa mganga, kwa kombe na kwa kusomewa. Wako wanaolihusisha neno kiharusi na harusi kwa sababu ya mlingano wa sauti. Lakini mlingano wa sauti peke yake si ushahidi wa asili ya neno, na hapa hatutajenga hoja yoyote juu yake.

Waswahili si peke yao katika kuyatazama maradhi haya kama pigo. Wayunani wa kale waliyaita apopleksia, neno lililotokana na kitenzi chenye maana ya kupiga na kuangusha, na Waingereza hata leo huyaita kwa neno lao la kawaida lenye maana ya pigo. Waarabu walishika njia nyingine. Tabibu Ibn Sina, aliyeandika Kanuni yake ya tiba katika karne ya 11, alitumia neno sakta, ambalo asili yake ni kunyamaza, kwa mtu aliyepotewa na fahamu na mwendo kwa ghafla. Na kwa kupooza upande mmoja Waarabu walikuwa na neno falij, kutokana na mzizi wenye maana ya kupasua kitu nusu kwa nusu. Neno hili la pili lilivuka bahari likafika kwetu kwa sura ya faliji, ingawa siku hizi ni wachache walitumiao.

Neno la tatu la kwetu ni kupooza. Nalo ni neno zuri, kwani hutumika pia kwa tunda linalonyauka na kuanguka kabla ya kukomaa, na mkono wa mgonjwa kweli hufanana na tunda hilo. Hata hivyo, kupooza ni dalili, wala si maradhi. Mtoto aliyeugua polio amepooza, na mwenye kuvunjika uti wa mgongo amepooza, na mzee mwenye kiharusi amepooza; sababu ni tatu, na tiba ni tatu. Mwandishi anayeandika "ugonjwa wa kupooza" bila ya kufafanua amemwacha msomaji wake njia panda.

Je, yatupasa kulitupa neno kiharusi kwa kuwa limebeba itikadi ya pepo? Hapa historia ya majina mengine ya maradhi yatupa mafundisho mawili yanayopingana. Fundisho la kwanza ni la pepopunda. Jina hili limemtaja pepo waziwazi, na juu ya hayo kila muuguzi hulitumia kwa maradhi yatokanayo na vijidudu vinavyoingia katika kidonda, na kila mama mjamzito aliyechanjwa amelisikia kliniki bila ya kufikiri habari za pepo. Jina lilibaki, maana ikahama. Kipindupindu nacho ni jina lililotokana na jinsi maradhi yanavyompindua mtu. Halina kosa lolote, nalo limeingia katika sheria na matangazo ya serikali.

Fundisho la pili ni la degedege. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya ya Bagamoyo, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1996, walikuta kwamba wazazi wengi hawakuihusisha degedege na malaria, na kwamba mtoto mwenye degedege mara nyingi alipelekwa kwanza kwa mganga. Hapa jina lilibaki na maana ya zamani ikabaki nalo, na saa za kumwokoa mtoto zikapita. Tofauti baina ya pepopunda na degedege haimo katika jina. Imo katika kazi iliyofanywa, au isiyofanywa, ya kulifungamanisha jina na maarifa mapya.

Kiharusi kimesimama wapi baina ya hayo mawili? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha fikra za watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, juu ya maradhi haya. Mtu angetazamia kwamba watu wa mjini ndio watakaotaja shinikizo la damu, na wa shamba ndio watakaotaja majini. Ilikuwa kinyume. Dar es Salaam wengi walitaja mapepo na uchawi. Hai walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mashaka ya maisha. Sisi twaona kwamba sababu mojawapo yaweza kuwa ya lugha. Dar es Salaam ni mji wa mwambao, mahali ambapo neno kiharusi limezaliwa na itikadi zake. Penye lugha nyingine ya nyumbani, neno hilo lilifika kama neno la hospitali. Ikiwa ni hivyo, basi sisi watu wa visiwani na mwambao, ambao lugha hii ndiyo ya mama, ndio wenye kazi kubwa zaidi ya kulifafanua neno letu wenyewe.

Safari ya neno kutoka Uroa

Na tuchukue mfano wa Uroa, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, kaskazini ya Chwaka. Kutoka huko hadi mjini, kwa njia ipitayo Dunga, ni takriban kilomita 40. Mgonjwa anaposafirishwa njia hiyo, maneno husafiri pamoja naye. Nyumbani jamaa husema upepo au kiharusi. Katika kituo cha afya huulizwa juu ya presha. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja daktari huandika kwa Kiingereza. Kisha mgonjwa hurudi Uroa na karatasi na vidonge, na maelezo ya vidonge hivyo lazima yawe ya Kiswahili, kwani atakayevitoa kila asubuhi ni mke, au mtoto, au mjukuu aliyepo skuli. Neno lililotoka kijijini kwa maana moja hurudi kijijini kwa maana nyingine, na katikati ya safari hiyo yupo mfasiri.

Ifahamike pia kwamba Kiswahili Sanifu chenyewe kilisafiri njia kama hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Kiunguja kilichochaguliwa kilikuwa cha mjini. Vijiji vya mashariki na kusini ya kisiwa vilikuwa na lahaja zao, mashuhuri zaidi ikiwa Kimakunduchi, na msamiati wao wa mwili na maradhi haukupewa nafasi kubwa. Kamati hiyo ilishughulika zaidi na tahajia na vitabu vya shule. Istilahi za sayansi zilipata msukumo baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Zanzibar nayo ilitunga sheria ya Baraza lake la Kiswahili mwaka 2004. Vyombo vipo, basi. Kilichobaki ni kuviunganisha na karatasi ya vidonge inayorudi Uroa.

Jinsi chembe sahani zilivyopata jina

Ulaya ilichukua muda mrefu kujua kwamba apopleksia ni zaidi ya maradhi mamoja. Mwaka 1658 tabibu wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alipasua maiti za watu waliokufa kwa maradhi hayo akaona damu iliyomwagika ndani ya ubongo. Alieleza vilevile kwamba kuziba kwa mishipa inayopeleka damu kichwani kwaweza kuleta madhara kama hayo. Karibu miaka 200 baadaye, Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha kwamba donge la damu laweza kufanyika mahali pamoja, likang'oka, likachukuliwa na damu na kuziba mshipa ulio mbali. Lakini donge lenyewe linaanzaje? Hilo ndilo swali ambalo chembe sahani zilikuja kulijibu.

Watazamaji kadhaa wa karne ya 19 waliviona vijipande hivyo katika darubini bila ya kuvielewa. Mjerumani Max Schultze alivieleza mwaka 1865. Mfaransa Georges Hayem alivichunguza kwa bidii katika miaka ya 1870 na akavipa jina lenye maana ya "vizalisha damu", kwa sababu aliamini kwamba hukua vikawa chembe nyekundu. Nadharia hiyo ilikuwa na kosa, na ilipoanguka, jina lake likaanguka nayo.

Aliyeshinda ni Mtaliani Giulio Bizzozero. Mwaka 1882 alitangaza kwamba alivitazama vijipande hivyo vikiwa ndani ya mishipa ya wanyama walio hai, na kwamba mshipa ulipojeruhiwa ndivyo vilivyofika kwanza, vikanata ukutani na kurundikana mpaka tundu likazibika. Yeye hakuvipa jina la nadharia. Alisema tu vile macho yake yalivyoona: vilikuwa bapa na vya mviringo, na kwa Kitaliano akaviita piastrine, yaani visahani. Wajerumani wakafasiri "visahani vya damu", Waingereza nao wakafuata, na Kiswahili kikapata chembe sahani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipendekezwa istilahi nyingine ya Kiyunani, trombosaiti, yenye maana ya "seli ya donge la damu". Lakini mwaka 1906 James Homer Wright wa Boston alionyesha kwamba vijipande hivi si seli kamili. Ni vipande vinavyokatika kutoka seli kubwa sana zilizomo katika uboho wa mifupa. Havina kiini.

Historia hii fupi yatufundisha kitu katika kazi yetu. Jina lililojengwa juu ya nadharia lilikufa. Jina lililojengwa juu ya umbo liliishi. Yatuonyesha vilevile kwamba waliochagua neno chembe katika istilahi yetu walichagua vyema. Mwandishi anayeandika "seli sahani" anasema jambo lisilo kweli, kwa kuwa seli hizo hazipo. Chembe, kama chembe ya mchanga au ya mchele, ni kipande kidogo cha kitu, na hicho ndicho kilichomo ndani ya damu.

Kazi yake, na jinsi kazi njema inavyogeuka msiba

Chembe sahani moja ina kipenyo cha sehemu 2 hadi 3 za elfu za milimita. Katika tone la damu la milimita moja ya ujazo, mtu mzima mwenye afya ana chembe hizo zipatazo 150,000 hadi 450,000. Kila moja huishi siku 7 hadi 10 kisha huondolewa na nyingine mpya hushika nafasi yake. Muda wote mshipa ukiwa mzima, chembe hizo hupita tu, kwa maana ngozi laini ya ndani ya mshipa haiziruhusu kunata.

Mvuvi wa Uroa akichomwa na mwiba wa samaki, ngozi hiyo hupasuka na nyuzi ngumu zilizo chini yake huwa wazi. Chembe sahani hunata juu ya nyuzi hizo. Hapo hugeuka: huacha umbo la sahani, huvimba na kutoa vijimkono, na humwaga kemikali zinazoziita chembe nyingine zije. Zinazokuja hushikana na zilizotangulia. Kisha protini ya damu iitwayo fibrini hufanya nyuzi zinazozunguka rundo hilo kama wavu, na damu huacha kutoka. Pasingekuwa na kazi hii, mwiba mmoja ungetosha kumwua mtu.

Msiba huja pale jeraha linapokuwa ndani ya mshipa, si nje. Kwa miaka mingi shinikizo la damu, sukari, tumbaku na mafuta huharibu ukuta wa mishipa, hasa ile miwili mikubwa ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Utando wa mafuta hujengeka ukutani. Siku moja utando huo hupasuka, na chembe sahani, ambazo hazina njia ya kubagua baina ya jeraha la mwiba na jeraha la utando, hufanya kazi ileile zilizoumbiwa. Hunata, huita wenzao, hurundikana. Donge huziba mshipa papo hapo, au hung'oka likaenda kuziba mshipa mwembamba zaidi ndani ya ubongo. Mwaka 1959 daktari wa mishipa ya fahamu, C. Miller Fisher, aliandika habari za mgonjwa aliyekuwa akipotewa na nuru ya jicho moja kwa muda mfupi. Alilitazama jicho hilo wakati hali hiyo ikitokea, akaona vipande vyeupe vikipita polepole katika mishipa yake. Ilidhihirika kwamba donge hupita kwanza kimyakimya kabla ya kuja kuua.

Ubongo ni takriban sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Hauna akiba. Mshipa mkubwa ukiziba, seli za ubongo zinazokufa kila dakika zimekadiriwa kuwa karibu milioni 2. Hicho ndicho kiharusi cha kuziba, nacho ndicho chenye kutokea mara nyingi zaidi duniani.

Kiharusi cha pili ni kile alichokiona Wepfer: mshipa hupasuka, na damu humwagika ndani ya ubongo. Kwa macho ya jamaa walio nyumbani, viharusi hivi viwili havina tofauti. Mdomo hupinda vilevile, mkono hulegea vilevile. Lakini katika cha kwanza chembe sahani zimefanya kazi kupita kiasi mahali pasipostahili, na katika cha pili ndizo tegemeo la mgonjwa, maana ndizo zinazojaribu kuziba palipopasuka.

Dawa moja, hukumu mbili

Dawa maarufu ya kuzuia chembe sahani ni aspirini, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Bayer, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya homa na maumivu. Katika miaka ya 1950 daktari wa California, Lawrence Craven, aliwapa wagonjwa wake dawa hiyo akiamini kwamba inazuia madonge ya damu. Mwaka 1971 John Vane wa London alieleza sababu: aspirini huzuia kutengenezwa kwa kemikali ambazo miongoni mwake imo ile inayotumiwa na chembe sahani kuitana. Kwa ugunduzi huo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Na kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza upya kilichoharibiwa. Chembe iliyoguswa na aspirini hubaki hivyo mpaka mwisho wa siku zake.

Mwaka 1997 yalichapishwa majaribio mawili makubwa, moja la China na jingine la nchi nyingi, yaliyohusisha jumla ya wagonjwa wapatao 40,000. Aspirini iliyotolewa ndani ya saa 48 katika kiharusi cha kuziba iliepusha vifo au viharusi vya pili vipatavyo 9 katika kila wagonjwa 1,000. Idadi hiyo ni ndogo ikitazamwa kwa mtu mmoja, lakini ni kubwa kwa taifa, kwani kidonge chenyewe ni rahisi na kinapatikana hata dukani.

Na hapo ndipo ilipo hatari. Kinachopatikana dukani hutolewa nyumbani. Jamaa aliyesoma kwamba "aspirini ni dawa ya kiharusi" atampa mgonjwa wake siku hiyohiyo, na ikiwa mshipa umepasuka, atakuwa amezifunga mikono chembe zilizokuwa zikijaribu kuzuia damu. Hakuna jicho linaloweza kubagua. Kinachobagua ni picha ya kompyuta ya kichwa, ambayo ilianza kutumika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ambayo kwa mgonjwa wa kijijini maana yake ni safari ya mjini. Safari hiyo ina haraka: dawa yenye nguvu zaidi ya kuyeyusha donge inafaa kwa saa chache tu za mwanzo, saa 4 na nusu kwa kawaida, nayo vilevile haitolewi kabla ya picha.

Jambo hili si dogo kwetu. Hesabu iliyofanywa Tanzania baina ya miaka 2003 na 2006 ilikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika Hai, na wapatao 316 katika Dar es Salaam. Idadi hii ya pili ilikuwa juu kupita ya nchi nyingi zenye utajiri.

Mapendekezo kwa wafasiri na walimu

Kutokana na historia hiyo tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, neno kiharusi libaki. Ni letu, ni fupi, na linaeleweka. Lakini katika maandishi ya tiba lisiachwe peke yake panapotajwa dawa. Iandikwe kiharusi cha kuziba au kiharusi cha kuvuja, na pale ambapo aina haijajulikana isemwe hivyo waziwazi.

Pili, istilahi chembe sahani iendelee kutumika, na mara ya kwanza katika kila andiko ifuatwe na kazi yake, kwa mfano: "chembe sahani, ambazo huziba jeraha kwa kushikana". Umbo limo katika jina. Kazi haimo, na kwa mgonjwa kazi ndiyo muhimu. Wako waliopendekeza vigandisha damu, na twaona uzuri wake. Hata hivyo kuganda kwa damu ni kazi ya vitu vingi, fibrini ikiwamo, na zipo dawa nyingine zinazozuia vitu hivyo na si chembe sahani. Jina moja lisinyang'anye kazi za wengine.

Tatu, tuache kuandika kwamba aspirini "hufanya damu iwe nyepesi". Haiifanyi hivyo, damu hubaki na uzito uleule. Tena maneno hayo humtisha mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ana upungufu wa damu, akadhani dawa itammalizia iliyobaki. Afadhali kusema: "Dawa hii huzuia chembe sahani zisishikane na kufanya donge ndani ya mshipa."

Nne, neno mshipa lichungwe. Katika Kiswahili cha kawaida mshipa ni njia ya damu, na ni neva, na ni kano, na kwa watu wa mwambao ni maradhi ya korodani pia. "Mshipa wako umeziba" yaweza kumpeleka mzee wa Uroa kwenye wazo lililo mbali kabisa na kichwa chake. Iandikwe mshipa wa damu, na panapohusika, mshipa wa damu wa ubongo.

Tano, ile hali ya kupooza au kupotewa na nuru kwa dakika chache kisha kupona isiitwe kiharusi kidogo. Neno kidogo hulala masikioni kama neno la faraja, hali ya kuwa hali hiyo ni onyo kwamba donge limepita na jingine laweza kufuata katika siku chache zijazo. Twapendekeza kiharusi kipitacho, na maelezo yake yamalizike kwa agizo la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatudai kwamba istilahi peke yake yaweza kufupisha njia ya kutoka Uroa hadi Mnazi Mmoja. Vyombo vya usafiri, mashine za picha na matabibu ni kazi ya wengine. Lakini muda unaopotea nyumbani, jamaa wakishauriana kama huu ni upepo au ni maradhi, na kama kidonge kitolewe au kisitolewe, ni muda unaopotea ndani ya lugha, na huo ni wajibu wetu. Pepopunda ilivuka kutoka kwa mganga hadi kliniki bila ya kubadilishwa jina, kwa sababu wauguzi na walimu walirudia maelezo yaleyale, kwa maneno yaleyale, mwaka hadi mwaka. Kiharusi nacho chahitaji uvumilivu huo: sentensi chache zilizo sahihi, zinazofanana katika kila kituo cha afya, kila kitabu cha skuli na kila karatasi ya dawa, mpaka mtoto anayemsomea babu yake aweze kusema bila ya kusitasita ni kiharusi gani, na kwa nini kidonge hiki kingoje picha.